Barua ya wazi kwa wasimamizi wa michezo: Tufungulieni njia ya timu ya taifa ya chemshabongo

Mombasa

Kwa Waheshimiwa wote mliokabidhiwa usimamizi wa michezo, utamaduni na shughuli za vijana, katika serikali ya kaunti na katika serikali ya taifa.

KUH: KUTAMBULIWA KWA CHAMA CHA CHEMSHABONGO NA UTEUZI WA TIMU YA TAIFA

Waheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima tunawaandikia hadharani, kwa kuwa barua tulizowaandikia faraghani hazikujibiwa. Sisi ni kikundi cha wapenzi wa chemshabongo za mantiki, sudoku na mafumbo ya namba, tunaokutana Mji wa Kale, baadhi yetu wakivuka feri kutoka Likoni na wengine wakitoka Kisauni na Changamwe. Miongoni mwetu wamo walimu, makarani wa bandarini, mafundi, akina mama wa nyumbani na wanafunzi wa sekondari. Tuliomba jambo dogo, yaani tuambiwe ni kwa utaratibu upi chama cha mchezo huu kinaweza kusajiliwa, ili siku moja vijana wetu wapate kushindania nafasi katika timu ya taifa. Tulichopata ni danadana. Wa michezo walituambia jambo hili ni la elimu, wa elimu wakasema ni la utamaduni, na wa utamaduni wakaturudisha kwa wa michezo. Hatutaji ofisi wala afisa yeyote kwa jina, maana haja yetu ni jibu, na kumwaibisha mtu hakutatupatia jibu hilo.

Kabla ya malalamiko yenyewe, yafaa tueleze mashindano haya ni yapi, kwani wengi waliotupokea walidhani tunazungumzia ukurasa wa nyuma wa gazeti, ule wa kupitishia wakati katika matatu.

Mashindano ya Dunia ya Mafumbo yalianza New York mwaka 1992 kwa juhudi za Will Shortz, Mmarekani ambaye mwaka uliofuata alikuwa mhariri wa chemshabongo za gazeti la New York Times. Kikwazo cha kwanza cha shindano la aina hii ni lugha, kwa sababu fumbo la kujaza maneno ya Kiingereza kwenye visanduku haliwezi kumtendea haki Mjapani, wala la Kicheki haliwezi kumtendea haki Muajentina. Waandalizi wakaamua kuyaweka maneno kando na kushika mantiki, namba na maumbo, ili anayejua kufikiri awe na nafasi sawa na mwenziwe hata kama hawawezi kuamkiana. Katika fumbo liitwalo Slitherlink, kwa mfano, mshiriki hupewa vitone vilivyopangwa kwa safu pamoja na namba chache, kila namba ikisema ni pande ngapi za kisanduku chake zipitiwe na mstari, naye huviunganisha vitone hivyo hadi apate kitanzi kimoja kisichojikata wala kubakiza mkia. Kila fumbo lina jibu moja tu, hivyo anayebahatisha huumbuka upesi. Mataifa hushindana kwa timu ya watu 4, ambao huketi kila mmoja peke yake katika raundi za mtu binafsi, kisha wakakutana kwenye meza moja katika raundi za timu na kugawana fumbo kubwa ambalo mmoja peke yake hangelimaliza kwa muda uliowekwa. Vifaa ni penseli, raba na saa.

Tangu wakati huo mashindano yamezunguka dunia: Brno mwaka 1993, Istanbul mwaka 1998, Rio de Janeiro mwaka 2007, Minsk mwaka 2008, Beijing mwaka 2013, Bangalore mwaka 2017, Toronto mwaka 2023. Mwaka 2020 na 2021 hayakufanyika kwa sababu ya janga la korona, yakarejea Krakow mwaka 2022. Hadi yalipofika Eger nchini Hungaria mwaka 2025, hakuna mji hata mmoja wa Afrika uliokuwa umepata kuwa mwenyeji.

Sudoku, fumbo la kujaza namba 1 hadi 9 bila kurudia namba katika safu, mstari wala kisanduku kikubwa, nayo ina mashindano yake, na mwendo wake una mafunzo kwa mtu anayedhani jambo la namna hii huhitaji karne. Fumbo lenyewe lilitungwa na Mmarekani Howard Garns na kuchapishwa mwaka 1979. Wajapani wa kampuni ya Nikoli wakalichukua na kulipa jina la sudoku mwaka 1984. Kisha Wayne Gould, jaji mstaafu aliyewahi kufanya kazi Hong Kong, akatunga programu ya kompyuta ya kulizalisha, na gazeti la The Times la London likaanza kulichapa Novemba mwaka 2004. Machi mwaka 2006, yaani miezi 16 tu baadaye, mataifa yalikutana Lucca, Italia, kwa Mashindano ya kwanza ya Dunia ya Sudoku. Aliyeshinda alikuwa Jana Tylová kutoka Jamhuri ya Cheki, nyuma yake wakiwamo Wamarekani wawili, Thomas Snyder na Wei-Hwa Huang, huyu wa pili akiwa tayari amekuwa bingwa wa dunia wa mafumbo mara 4. Snyder hakukata tamaa, alirudi na kutwaa ubingwa Prague mwaka 2007 na Goa mwaka 2008.

Baada ya maelezo hayo, malalamiko yetu ni haya yafuatayo.

1. Hatuna mlango wa kuingilia.

Hili ndilo kubwa kuliko yote na ndilo tutakalolikalia zaidi. Shirikisho la Mafumbo la Dunia, linalosimamia mashindano haya, hufanya kazi na vyama vya mataifa. Mtu hawezi kujiamkia asubuhi, akakata tikiti ya ndege na kujitangaza kuwa timu ya nchi yake, kwa kawaida huwepo chama kinachoendesha mchujo na kuwajibika kwa wale kinaowateua. Kwetu hapa, chama hakiwezi kufanya kazi ya aina hiyo kwa jina la taifa bila kuingia katika utaratibu wa usajili uliowekwa na Sheria ya Michezo ya mwaka 2013. Sisi hatukuomba kuuruka utaratibu huo. Tuliomba kuingia ndani yake, tukaelezwa kwamba hakuna anayejua tuingizwe kisanduku gani.

Ukizitazama timu ambazo leo zinaogopwa, utaona zilianza na chama na mchujo, na fedha na umaarufu zikaja baadaye. Jamhuri ya Cheki ilizaliwa kama dola Januari mwaka 1993, na katika mwaka huohuo mji wake wa Brno ulipokea mashindano ya dunia. Nchi ambayo bado ilikuwa ikigawana mali na jirani yake Slovakia ilipata nafasi ya kushughulikia mafumbo, nasi tunaambiwa serikali ina mambo mazito zaidi. Ujerumani ilimlea Ulrich Voigt, ambaye ameshika ubingwa wa dunia wa mafumbo mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote, na nyuma yake kuna chama kinachoandaa mashindano ya taifa. India, jirani yetu wa ng'ambo ya bahari hii ambayo majahazi yake yalikuwa yakiingia bandari yetu kwa upepo wa kaskazi, ilipokea Mashindano ya Dunia ya Sudoku huko Goa mwaka 2008, na kufikia mwaka 2017 ikaandaa yote mawili, ya sudoku na ya mafumbo, mjini Bangalore. Katikati ya miaka hiyo chama chao kiliandaa majaribio kwenye intaneti, ambayo kijana wa mji wowote aliweza kuyafanya akiwa kwao. Goa ni pwani ya watalii, minazi na ngome za Wareno, na mtu wa Mombasa akitua huko hatapotea sana.

Wapo vijana wetu ambao wameshapima nguvu zao katika mashindano ya mtandaoni ya shirikisho hilo, yale ya sudoku yaliyoanza mwaka 2013 na yaliyo wazi kwa kila mtu. Wanaona majina yao kwenye orodha, wanaona wako mbele ya nani na nyuma ya nani. Wakituuliza hatua inayofuata ni ipi, hatuna la kuwaambia, kwa sababu hatua inayofuata iko mezani kwenu.

2. Kimya si jibu linalokubalika kisheria.

Kifungu cha 47 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kutendewa na watawala kwa haraka, kwa ufanisi, kwa mujibu wa sheria na kwa haki, na kinaeleza kwamba mtu ambaye haki yake imeathiriwa na uamuzi wao apewe sababu kwa maandishi. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria iliyotungwa mwaka 2016 kuitekeleza haki hiyo imeweka muda wa siku 21 wa kujibu. Hatusemi haya kwa kutishia mahakama, ambayo hatuna fedha za kuiendea. Tunasema kwa sababu tumeambiwa kwa mdomo, tena kwa upole na chai juu yake, kwamba suala letu «linashughulikiwa». Upole huo tunaushukuru. Lakini maneno ya mdomo hayawezi kuambatishwa kwenye ombi la uanachama wa shirikisho la kimataifa, na afisa akihamishwa huondoka nayo.

3. Tunahofia namna ya uteuzi.

Katika nchi yetu, mchezo ukikaa bila kanuni, siku mwaliko unapofika ghafla timu hupatikana kwa simu za jioni, na wanaopanda ndege ni wale wenye jamaa karibu na meza ya uamuzi. Hatudai kwamba hilo limekwisha tendeka katika mchezo huu, tunataka tu lizuiwe mapema. Marekani kwa miaka mingi ilitumia jaribio la wazi kwenye intaneti, lililofanywa na yeyote aliyetaka, kwa saa ileile na kwa maswali yaleyale, kuwachuja watakaoiwakilisha. Chemshabongo ni mojawapo ya michezo michache ambayo upendeleo ndani yake ni rahisi kuuondoa kabisa: karatasi husahihishwa bila jina, jibu ni moja, na muda umeandikwa. Ikiwa hata hapa tutashindwa kuteua kwa haki, basi tusiulizane tena kuhusu kandanda.

4. Ukumbi na kijitabu.

Tumenyimwa ukumbi wa umma kwa sababu hatujasajiliwa, na hatujasajiliwa kwa sababu zilizotajwa hapo juu. Kuhusu kijitabu, mashindano ya dunia hutoa mapema maelezo ya kila aina ya fumbo litakalokuja pamoja na alama zake, na maelezo hayo huwa kwa Kiingereza. Tumeanza kuyaeleza kwa Kiswahili kwa ajili ya wanafunzi wetu wachanga. Tungependa kazi hiyo ipate mahali pa kuhifadhiwa, hata kama ni rafu moja ya maktaba ya umma.

Waheshimiwa, tunafahamu mtakayotuambia, kwa kuwa mengi tumeshayasikia vibarazani mwenu.

Mtasema kwamba huu si mchezo kwa sababu hakuna anayetoka jasho. Sataranji haitoi jasho pia, lakini shirikisho lake la dunia lilitambuliwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mwaka 1999, na nchi yetu wenyewe ina shirikisho la sataranji na ilipeleka timu kwenye Olimpiadi ya mchezo huo mjini Budapest mwaka 2024. Kama mlango umefunguliwa kwa anayefikiria farasi na ngome za mbao, tunaomba tuelezwe ni kanuni ipi inayomfungia anayefikiria namba. Tukumbushane pia kwamba mji huu una mabaraza ambayo bao, drafti na dhumna huchezwa tangu alasiri hadi isha, na kwamba malenga wa Mombasa walikuwa wakifungiana mafumbo kwa beti na kungojeana majibu muda mrefu kabla ya kuwapo ofisi yoyote kati ya zenu. Mchezo wa akili haukuja kwetu na meli ya juzi.

Mtasema hakuna fedha. Hatujaomba fedha. Hatukatai kwamba timu ikiteuliwa itahitaji nauli, viza, ada ya ushiriki na malazi, na gharama hizo kwa watu 4 si ndogo kwa mwalimu wala kwa karani. Lakini hayo ni ya hatua ya baadaye, na chama kilichosajiliwa ndicho kinachoweza kuwaendea wafadhili, wafanyabiashara wa mji huu na Wakenya walioko ng'ambo, kikiwa na akaunti ya benki na hesabu zinazokaguliwa. Kikundi kisicho na cheti hakipewi hata senti moja, na ni sawa kisipewe.

Mtasema kwamba hatutashinda, hivyo hakuna haja ya kujitaabisha. Hoja hii ndiyo inayotuudhi zaidi, tuseme kweli. Taji la kwanza la timu, mwaka 1992, halikubaki kwa wenyeji Wamarekani, lilichukuliwa na Argentina. Na kwa wanaoamini kwamba michezo ya karatasi na meza si ya Mwafrika, tunawakumbusha kwamba mwaka 2015, mjini Perth, Australia, Mnigeria Wellington Jighere alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza, mchezo wa kuunda maneno kwa vigae vya herufi. Hakuibuka kutoka hewani. Alitoka katika nchi yenye shirikisho la Scrabble, vilabu vingi, na mashindano ya ndani yaliyomnoa kabla hajapanda ndege. Bila mashindano ya nyumbani, hata Jighere angebaki hodari wa mtaa.

Mtasema, mwisho, kwamba watoto wanapaswa kusoma. Mtaala wa umilisi ambao serikali yenyewe iliuanzisha unataja kuwaza kina na kutatua matatizo miongoni mwa umilisi 7 wa msingi ambao kila mwanafunzi anatakiwa kuupata. Mwalimu mmoja katika kikundi chetu huwapa wanafunzi wake fumbo la Nurikabe, la kutia weusi visanduku kwa kufuata namba, kabla ya somo la hisabati, nao humwomba jingine. Mzazi ambaye mtoto wake huomba kazi ya ziada ya kufikiri hajawahi kuja kwetu kulalamika.

Kwa hivyo tunaomba mambo manne, na tumeyapanga kwa uzito wake. Tunaomba, kwanza, ofisi moja itajwe kwa maandishi kuwa ndiyo yenye dhamana juu ya michezo ya aina hii, ili tuache kuzungushwa. Pili, tunaomba orodha kamili ya masharti ya kusajili chama cha kaunti cha chemshabongo na njia ya kukiunganisha na vyama vya kaunti nyingine, kwa kuwa hatutaki timu ya taifa iwe ya Mombasa peke yake, na tunajua wapo wenzetu Kisumu, Nairobi na kwingineko ambao watatushinda katika mchujo wowote wa haki. Tatu, tunaomba kanuni za uteuzi zichapishwe kabla ya mchujo wa kwanza, zikisema wazi kwamba nafasi zote 4 zitatolewa kwa alama, na kwamba wasimamizi na jamaa zao wakitaka kwenda watafanya jaribio kama wengine. Nne, tunaomba ukumbi wa umma, siku moja ya mwisho wa wiki katika kila muhula wa shule, ambao sisi wenyewe tutaufagia na kuufunga. Michezo na utamaduni na mahali pa kuifanyia vimewekwa na Katiba miongoni mwa majukumu ya kaunti, kwa hiyo ombi hili la nne halihitaji kupelekwa Nairobi.

Masharti yakiwa magumu, tutayatimiza. Mkiona kwamba kikundi chetu hakifai kuongoza na mkapata wengine wanaofaa zaidi, tutawakabidhi maelezo tuliyoyaandaa, pamoja na orodha ya majina ya waliojitolea kufundisha, kisha tutaketi kwenye mchujo kama washiriki wa kawaida.

Tunatarajia jibu la maandishi ndani ya siku 21 tangu kuchapishwa kwa barua hii. Iwapo jibu hilo litakuwa la kukataa, tunaomba litaje kifungu cha sheria kilichotumika na jina la ofisi inayopokea rufaa. Nakala ya barua zetu zote za awali, zikiwa na mihuri ya kupokelewa, tunazo, na tuko tayari kuzileta katika kikao chochote mtakachotuitia.

Wenu mtiifu,

Katibu,
kwa niaba ya kikundi cha wapenzi wa chemshabongo, Mji wa Kale, Mombasa